Chupa Tisa za Soda Nyekundu

Sisimizi walikuwa wamefika kabla ya polisi.

Kapteni Thirawat aliwaona mara tu Profesa Manit alipoivuta droo. Mstari mwembamba ulitokea kwenye ufa wa dirisha, ukapita nyuma ya mafaili, ukapotelea kwenye kona ya bahasha iliyobandikwa utepe na kutiwa sahihi tatu. Profesa aliona haya. Alisema mvua za wiki hii zimewafukuza ardhini, akainua mkono ili awapanguse.

"Waache," Thirawat alisema. "Nani ameifungua bahasha hii tangu siku ile?"

"Hakuna. Tuliifunga saa sita mchana, mimi, Dokta Orathai na yule binti mwenyewe. Sahihi ndizo hizo. Ufunguo wa droo huwa nalala nao."

Kapteni aliupiga picha utepe, akawapiga picha sisimizi, kisha akaichana bahasha kwa kisu cha mfukoni. Kilitoka kichupa cha kioo kisichozidi urefu wa kidole, nusu yake maji mekundu ya kupendeza. Sisimizi walikuwa wameuzunguka mfuniko kama wageni wa harusi wanavyozunguka sinia. Thirawat alivua miwani, akawatazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amemtazama profesa.

Faili hili alikuwa ametupiwa asubuhi ile na mkuu wa kituo, Kanali Attaphon, mbele ya ofisi nzima. "Kaka, hii inakufaa wewe. Mtu kaibiwa maji mekundu." Ofisi nzima ilicheka. Miaka kumi na minane iliyopita Attaphon alikuwa afisa mgeni asiyeweza kuandika maelezo ya shahidi bila kuchanganya saa, na Thirawat ndiye aliyemkalisha chini akamfundisha. Sasa Attaphon ana kiti cha ngozi na dereva, na kila akimwita "kaka" roho ya Thirawat inauma. Ulikuwa wivu tu, wala hakuwa na jina lingine la kuupa.

Lakini mambo yenyewe hayakuwa ya kuchekesha. Maji yale yalitakiwa kuwa dhahabu. Mlalamikaji, Suphansa, binti wa miaka ishirini na saba ambaye kila mtu humwita Fai, alikuwa ametengeneza chembe za dhahabu ndogo sana hivi kwamba ungepanga laki tano kwa mstari ndipo uvuke ukucha. Chembe hizo zikikaa mbalimbali, maji huwa mekundu. Zikikumbatiana, hugeuka zambarau. Fai alikuwa amezivisha nyuzi za vinasaba alizozibuni herufi kwa herufi, ili zikikutana na kirusi cha homa ya dengi zivutane zenyewe, zijipange bila kushikwa na mkono wa mtu. Tone la damu, dakika chache, rangi inabadilika, na muuguzi wa kijijini amejua mgonjwa wake ana nini.

Siku kumi na tatu zilizopita, mbele ya wakaguzi kutoka wizarani, Fai alidondosha tone lake na maji yakabaki mekundu. Yalibaki mekundu dakika kumi, nusu saa, hadi wakaguzi wakaanza kukusanya mikoba. Kesho yake Dokta Orathai, mtafiti mwandamizi wa maabara, akapima tone alilolichukua kutoka kichupa kilekile kabla hakijafungwa kwenye bahasha, akaandika ripoti: dhahabu imo, lakini nyuzi hazikuwahi kufungwa. Maana yake ilikuwa moja tu, kwamba picha zote za hadubini za Fai za miaka mitatu zilikuwa za kughushi. Leo saa tisa alasiri kamati ingekaa kumfukuza, na doa kama hilo halifutiki. Hakuna maabara nyingine, kuanzia hapa Rangsit hadi mwisho wa dunia, ambayo ingempokea.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi.

Alimkuta Fai kwenye meza yake, akikusanya vitu kwenye boksi kama mtu aliyekwisha hukumiwa. Macho yalikuwa yamemvimba. Thirawat alimwonyesha kichupa, akaanza kukisogeza puani, na binti akamshika mkono bila hata kuomba radhi.

"Usinuse, afande. Wala kuonja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza humu ndani."

"Kwa hiyo siku kumi na tatu hizi hakuna aliyekinusa?"

"Hakuna mtu anayenusa kitu hapa. Dada Oi alinichapa vidole kwa hilo wiki yangu ya kwanza."

Dada Oi ndiye Dokta Orathai. Ndiye aliyempokea Fai alipofika kutoka mkoani Phrae hajui kushika pipeti ya kunyonyea matone, akamfundisha kuhesabu pumzi ili mkono usitetemeke. Thirawat aliuliza kama kuna mtu anayemwonea kijicho. Fai alimtaja Kitti, fundi wa hadubini ya elektroni, aliyekuwa mchumba wake hadi mwezi wa pili. Na Dada Oi je? Fai alimtazama kana kwamba ameuliza kama jua huchomoza usiku.

"Huyo ni dada yangu, afande. Mama yake alipofariki mwaka juzi nilikaa naye siku zote tatu za msiba. Nililala kwenye sakafu ya hekalu pamoja naye. Mtu kama huyo huwezi kumshuku."

Kapteni aliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari, kwa mazoea tu.

Orodha ya kadi za mlango ilimpeleka moja kwa moja kwa Kitti. Siku ya maonyesho, chumba cha baridi, ambako kichupa kililala, kilifunguliwa mara mbili tu kabla ya Fai kuja kukichukua saa mbili: saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili kwa kadi ya Dokta Orathai, na saa moja na dakika kumi kwa kadi ya Kitti. Orathai alikuwa na maelezo. Kila asubuhi ya Mungu huingia kuchukua chumvi za kupimia, na orodha ya miezi sita ilimuunga mkono. Kitti hakuwa na kazi yoyote mle ndani.

Alikuwa kijana mrefu, mwenye nywele zilizopakwa mafuta mengi kuliko haja. Alianza kwa kukana, akaendelea kwa kusahau. Thirawat alimwekea karatasi ya kadi mbele yake, akaanza kumenya chungwa. Alipofika kipande cha tatu Kitti akalegea.

"Nilikwenda kutafuta barua."

"Barua ya nani kwenye jokofu?"

"Ya yule Mjapani. Mgeni wa kutoka Osaka. Alikuwa anamletea kahawa kila asubuhi. Kahawa, afande. Kwani Fai hana miguu ya kwenda kujinunulia? Nikasikia ameachiwa ujumbe kwenye sampuli zake, wa kumtakia heri."

"Ukaupata?"

"Kijikaratasi kilichoandikwa 'Jitahidi'." Kitti alisema neno hilo kwa uchungu wa mtu aliyepata barua ya mapenzi ya kurasa kumi. "Nikakiinua kichupa nione kama kuna kingine chini yake. Nikakirudisha. Naapa."

"Kilikuwaje?"

"Chekundu. Kama kawaida." Akafikiri. "Kilikuwa na vipovu. Vidogo vidogo, vimeshika kwenye kioo. Nikadhani Fai kakitikisa."

Thirawat aliacha kumenya chungwa. Fai aliondoka maabara saa moja jioni ya siku iliyotangulia, kwa hiyo vipovu vya mkono wake vingekuwa vimekufa kabla hata hajafika nyumbani. Alimuuliza Kitti kama ndiye aliyepiga picha ya hadubini iliyotiwa kwenye ripoti. Hapana, alijibu, Dada Oi alikaa kwenye mashine peke yake jioni ile, akasema suala ni nyeti na hataki kumchanganya mtu na mchumba wake wa zamani.

Mpelelezi mvivu angemfunga Kitti pingu pale pale. Alikuwa na wivu, alikuwa na kadi, na uso wake ulikuwa uso wa mkosaji. Thirawat alimpa nusu ya chungwa na kutoka nje kuvuta hewa.

Nyuma ya jengo, kando ya maegesho ya pikipiki, kulikuwa na kijumba cha mzimu wa mahali, kimesimama juu ya nguzo moja, kimepakwa rangi ya dhahabu na kuzungushiwa mashada ya maua. Wanasayansi wa jengo lile hupima vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na hakuna hata mmoja anayewasha mashine mpya kabla ya kumwarifu mwenye eneo. Mwanamke mmoja wa makamo, Shangazi Somjin wa usafi, alikuwa akifuta vumbi kwenye ngazi ndogo za kijumba. Mbele yake ilisimama chupa moja ya soda nyekundu ya stroberi, imefunguliwa, mrija umo ndani.

Kapteni aliinua mikono miwili kumwamkia mzimu, kisha akamwamkia shangazi. Akatazama chini. Kwenye nguzo ya kijumba mstari mwembamba wa sisimizi ulikuwa ukipanda.

Alimuuliza nani huweka soda. Yeye mwenyewe, kila siku saa kumi na mbili na nusu, chupa mpya, na ya jana humwagwa. Je, siku ya wakaguzi aliona chochote cha ajabu? Shangazi Somjin aling'aa uso kama aliyekuwa akingoja kuulizwa kwa siku kumi na tatu.

"Alikunywa, afande."

"Nani?"

"Mwenyewe." Akaelekeza kidevu kwenye kijumba. "Nimeweka chupa imejaa, nimekwenda kupiga deki ghorofa ya kwanza, narudi saa moja kasorobo nakuta imepungua. Miaka kumi na moja namhudumia hajawahi kugusa hata tone. Nilipiga magoti. Nikanunua tiketi ya bahati nasibu, namba za saa ile ile."

"Ukashinda?"

"Wapi. Nadhani alikuwa na kiu tu."

Saa moja kasorobo. Dakika saba baadaye kadi ya Orathai ilifungua chumba cha baridi. Thirawat aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi, kama siku ile kuna yeyote mwingine aliyekuja kwa mzimu.

"Dokta Oi, mchana wake. Yule mama ana imani jamani. Alileta chupa tisa, na shada la yasmini lenye urefu huu, akakaa hapa kwenye jua hadi ubani ukaisha."

"Labda alikuwa akiomba jambo."

Shangazi alimtazama kwa huruma, jinsi watazamwavyo wanaume wa mjini. "Kuomba ni chupa moja, afande. Tisa ni kulipa."

Saa nane kasoro dakika ishirini wote walikuwa wamekusanyika maabara: profesa, Fai, Kitti kwenye kona yake, na Dokta Orathai. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Alikuwa ameweka mkono begani kwa Fai. Thirawat aliushangaa mkono ule, maana ulikuwa umetulia kabisa.

Alimwomba radhi kwa ujinga wake. Yeye ni polisi tu, hajui chembe wala nyuzi. Je, dhahabu ile, kwa udogo wake wote, ni nzito?

"Nzito kuliko maji, ndiyo," Orathai alisema.

"Kwa hiyo ukiizungusha kwa kasi kwenye ile mashine, itazama?"

Hakuna mtu wa kazi ile ambaye angeweza kujibu vingine. "Itazama."

"Na maji yatabaki hayana rangi?"

"Ndiyo."

Fai alikwisha nyanyuka. Alivuta kiasi kutoka kwenye kichupa kwa pipeti, mkono wake hautetemeki hata kidogo, akakitia kwenye mashine ya kuzungushia pamoja na kingine cha dhahabu ya kawaida kutoka kabatini. Mashine ikavuma nusu saa. Profesa alifuta miwani yake mara nne.

Vilipotoka, kile cha dhahabu ya kawaida kilikuwa na nukta nyeusi-nyekundu chini na maji meupe juu. Kile kingine kilikuwa chekundu kutoka juu hadi chini, vilevile kama kilivyoingia. Fai alikitazama, kisha akavunja sheria ya kwanza ya maabara. Alikisogeza puani.

"Stroberi," alisema.

Thirawat alichukua ripoti mezani. "Dokta, bahasha ilifungwa siku ileile, mbele ya watu watatu, na utepe haukuguswa. Tone lako ulilichukua kabla ya kufungwa, kutoka humu humu. Humu hamna dhahabu hata punje. Lakini picha yako ina dhahabu tele. Uliipata wapi?"

"Huenda nilichanganya sampuli. Nilikuwa nimechoka."

"Huenda." Kapteni alivuta kiti, akakaa karibu naye, magoti yao nusura yagusane. "Chupa tisa ulikuwa unalipa nini?"

Rangi ilimpotea usoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilimwekea nadhiri."

Fai aligeuka, taratibu, na mkono wa Orathai ukateleza kutoka begani kwake.

"Dada," Fai alisema. "Mama tulimzika pamoja."

Thirawat angeweza kuinua sauti hapo, wengi wangeinua. Badala yake aliongea kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa akiigiza. "Mimi nina bosi niliyemfundisha kazi. Nilimfundisha hata jinsi ya kushika kalamu ya kituo. Leo ananitupia mafaili. Kuna asubuhi naamka nikitamani gari lake lisiwake. Kwa hiyo usinieleze sababu, nakuelewa. Niambie tu uliomba nini."

Orathai alitazama mikono yake mwenyewe.

"Niliomba isibadilike rangi," alisema. "Mara tatu nilikwenda kumwomba, mwezi mzima. Na mara tatu ikabadilika. Anaingia mbio, 'Dada, njoo uone, Dada, njoo uone,' na mimi napiga makofi." Sauti ilikuwa kavu. "Miaka kumi na miwili nazifunga nyuzi hizo, afande. Zangu zinaachana usiku mmoja. Zake zinapangana kama zimeitwa majina. Asubuhi ile nikaona mzimu anasuasua. Nikamsaidia."

"Kwa soda yake mwenyewe."

"Ndiyo maana nililipa tisa. Huwezi kuahidi halafu usilipe. Na huwezi kuchukua cha mwenyewe ukaondoka hivi hivi."

"Kichupa chenyewe ulikitupa?"

Hapo ndipo alipotokwa na machozi, na Thirawat alishuku kwamba si ya majuto. "Ningewezaje kukitupa? Umeshawahi kukiona? Kipo chumba cha baridi, rafu yangu, kimefungwa karatasi ya fedha. Nimeandika chumvi."

Kilikuwa pale. Kilikuwa pale siku zote kumi na tatu, hatua mbili kutoka rafu ya Fai, kimebaki vidole viwili vya maji mekundu.

Saa tisa kamili kamati iliketi, na kesi ya kumfukuza binti ikageuka maonyesho kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda. Thirawat alisimama mlangoni na saa mkononi. Fai alihesabu pumzi, akadondosha tone. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, mzee mmoja wa kamati akakohoa. Ya tatu wekundu ukaanza kufifia pembeni, na ilipotimia ya nne kichupa kizima kilikuwa zambarau kama ua la mbilingani. Watu walipiga makofi. Fai aligeuza shingo haraka kuelekea kiti cha ukutani alichokaa Dada Oi siku zote, uso ukiwa umeng'aa, akakuta kiti kitupu.

Simu ya kapteni ilitetemeka mfukoni akiwa anashuka ngazi. Ilikuwa Kanali Attaphon, ameshaarifiwa na profesa: Kazi safi, kaka. Thirawat aliisoma mara mbili, akairudisha mfukoni bila kujibu.

Orathai alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari la polisi, koti jeupe amelikunja vizuri mapajani. Walifika kwenye taa za barabara kuu. Taa zilipowaka nyekundu, akainua uso.

"Ilibadilika?"

"Ilibadilika."

"Dakika ngapi?"

Thirawat alimtazama kupitia kioo. Angeweza kumdanganya, na baadaye alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo.

"Nne."

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, akageukia dirishani.

"Mimi niliijaribu nyumbani kwangu, kichupa hichohicho," alisema. "Mkononi mwangu ilichukua sita."